Shahada ya Lojistiki Ianzie Shambani, Isianzie Bandarini

Leo siongelei kantangaze wala mbolea ya kukuzia. Naongelea mtaala wa chuo kikuu. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa mada. Subirini kidogo. Mtaala huo unagusa mfuko wenu kuliko mnavyodhani, kwa sababu mtu anayefundishwa leo namna ya kusafirisha mzigo ndiye atakayeamua kesho kama nyanya zako zinafika sokoni zikiwa nyanya au zikiwa supu.

Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa lojistiki, usafirishaji, ununuzi na ugavi. Kipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) pale Mabibo, na vipo vyuo vingine vyenye programu za namna hiyo. Kila mwaka pia kuna kijana wa Ilula anayepoteza nyanya njiani, wa Njombe anayefungiwa viazi lumbesa kwa sababu hana usafiri wake, na wa Rungwe ambaye parachichi zake zinakataliwa baada ya kukaa juani nusu siku zikisubiri gari. Huku kuna wahitimu wanaotafuta kazi, huku kuna kazi inayolia haina mtu. Hawa wawili hawakutani.

Maoni yangu ni haya. Hawakutani kwa sababu shahada yenyewe imetungwa ikimtazama mtu mwingine. Chuo kikisema kimesikiliza mahitaji ya sekta, kwa ninavyoona sekta inayosikilizwa ni bandari, kampuni za meli, migodi, viwanda na ofisi za ununuzi za serikali. Hao wana ofisi, wana barua pepe, wakialikwa kwenye kikao cha wadau wanakuja na tai. Mkulima hayumo. Na wahenga walishasema, asiyekuwepo na lake halipo.

Tuanze na hesabu

Tuache maneno tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako.

Chukua tenga 200 za nyanya, kila moja kilo 40. Hizo ni kilo 8,000. Nauli ya gari mpaka Dar es Salaam tuseme ni shilingi 1,200,000, yaani shilingi 150 kwa kilo. Mkulima wengi hapo ndipo wanapogomba na mwenye gari, wakitaka nauli ishuke hata laki moja.

Sasa tuseme asilimia 20 ya nyanya zimepondeka au zimeiva kupita kiasi njiani. Kilo 1,600 zimekwenda. Kama kilo inauzwa shilingi 800, umepoteza shilingi 1,280,000. Umeona? Hasara ya njiani ni kubwa kuliko nauli yenyewe. Ulikuwa unagombania laki moja huku milioni inamwagika nyuma ya gari.

Aje mtu akwambie hivi: tukodi makreti ya plastiki badala ya tenga, tuvune asubuhi, tupakie jioni, gari litembee usiku, gharama itaongezeka shilingi 400,000 lakini hasara itashuka mpaka asilimia 8. Kwa asilimia 8 unapoteza kilo 640, sawa na shilingi 512,000. Umeokoa 768,000, toa 400,000 za gharama, unabaki na 368,000 ambazo jana hazikuwepo. Kwa safari moja.

Mtu anayeweza kukaa na wewe, akapiga hesabu hiyo, akaisimamia mpaka sokoni, huyo ndiye mtaalamu wa lojistiki ninayemtaka. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa. Kinachotakiwa ni mtu aliyeizoea, anayelijua zao na anayelijua gari kwa pamoja.

Mtu wa kontena na mtu wa parachichi

Wanafunzi wa fildi wanaopita huku kwetu ninaongea nao sana, maana ni vijana wasikivu. Wa lojistiki anajua taratibu za zabuni, anajua kutunza stoo, anajua forodha. Ukimuuliza kwa nini parachichi haipakiwi gari moja na ndizi mbivu anakaa kimya. Mwenzake anayesoma kilimo cha bustani atakujibu papo hapo kwamba tunda linaloiva linatoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inaivisha matunda jirani kabla ya wakati. Lakini huyo wa bustani ukimuuliza nani anabeba hasara mzigo ukizama baada ya kupakiwa melini, naye anakaa kimya.

Kila mmoja ana nusu ya ujuzi, na hasara yako inaishi katikati yao.

Nitoe mfano mmoja ambao gharama yake ni kubwa. Watu wengi wanaamini kontena la baridi ni friji kubwa, ukiweka tunda la moto litapoa. Si kweli. Kontena la baridi limetengenezwa kutunza ubaridi ambao tunda tayari linao. Joto la shambani linatakiwa litolewe kwanza, kwenye chumba cha ubaridi, kabla ya kupakia. Parachichi ya Hass hukaa vizuri kwenye nyuzi joto 5 hivi. Ndizi ukiishusha chini ya nyuzi 13 inaungua kwa baridi, ganda linakuwa jeusi. Na kila joto linapopanda nyuzi 10, zao linapumua kwa kasi mara 2 mpaka 3, maana yake linazeeka haraka kiasi hicho.

Kontena la futi 40 linabeba boksi za parachichi zipatazo 5,280 za kilo 4, yaani kama tani 21. Mtu mmoja asiyejua habari ya joto la shambani akisaini mzigo huo upakiwe ukiwa wa moto, jasho la wakulima hamsini limeharibika kwa saini moja. Ndiyo maana nasema jambo hili si la wasomi peke yao.

Fildi ya kiangazi tu

Kuna kitu kingine ambacho sijasikia kikisemwa sana. Fildi ya vyuo vyetu mara nyingi inaangukia kwenye likizo ndefu, kati ya Julai na Septemba au Oktoba. Huku Nyanda za Juu Kusini hicho ni kiangazi. Mahindi yanavunwa, barabara kavu, fuso linaingia mpaka mlangoni kwa shamba. Mwanafunzi anaandika ripoti kwamba usafiri upo ila bei ni kubwa.

Aje Februari! Aje aone barabara ya kijijini ikiwa tope, fuso limelala ubavu kwenye mtaro, mazao yanatolewa kwa bodaboda gunia mojamoja mpaka barabara ya lami, na kirikuu kinachotoza mara tatu ya bei ya Agosti. Hapo ndipo lojistiki ilipo. Mtu aliyesoma miaka mitatu bila kuona tope hajamaliza kusoma usafirishaji wa mazao ya nchi hii. Kalenda ya fildi ifuate kalenda ya zao, hata kama ni kwa kuigawa vipande viwili, wiki chache za kiangazi na wiki chache za masika.

Wenzetu wameshafanya mpangilio wa namna hii. Ujerumani, jimbo la Baden-Württemberg, kipo chuo kinaitwa DHBW ambako mwanafunzi anakaa kama miezi mitatu darasani na miezi mitatu kazini, akipokezana hivyo mpaka anamaliza, na kampuni inamlipa muda wote. Sisemi tuige kama ulivyo. Ushirika wetu hauna fedha ya kumlipa mwanafunzi miaka mitatu. Ila wazo la kupokezana darasa na kazi halihitaji utajiri, linahitaji ratiba.

Ningekaa kwenye kikao cha mtaala ningesema nini

Kwanza, liwepo somo zima la mazao yanayoharibika, si mada ya wiki moja. Joto, unyevu, ethilini, ufungashaji, jinsi ya kupanga makreti ili hewa ipite. Lifundishwe kwa kushirikiana na watu wa Sokoine kule Morogoro, ambao wana ujuzi huo tayari. Si lazima kila chuo kijenge maabara yake.

Pili, kila mwanafunzi afuate mzigo mmoja halisi kutoka shambani mpaka kwa mnunuzi. Apande gari hilohilo. Awe na kipimajoto ndani ya mzigo. Aandike saa ya kuvuna, saa ya kupakia, muda uliopotea kwenye mizani za Makambako, Wenda, Mikumi na Vigwaza, kilo zilizopakiwa na kilo zilizouzwa. Mwisho atoe hesabu, hasara imetokea wapi na ingeokolewa kwa shilingi ngapi. Hiyo ndiyo iwe karatasi yake ya mwisho. Kwangu mimi ina thamani kuliko utafiti wa madodoso hamsini yaliyojazwa mjini.

Tatu, sheria na nyaraka zifundishwe kwa mzigo wa kilimo. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100 kwa sheria ya vipimo, lakini lumbesa bado ipo. Gari pamoja na mzigo halizidi tani 56 kwa sheria ya Afrika Mashariki. Cheti cha afya ya mimea kinatoka TPHPA. Mwaka 2022 China ilisaini makubaliano ya kupokea parachichi zetu, na soko kama hilo linakuja na masharti yake ya wadudu na usajili wa mashamba. Mhitimu ajue nyaraka ipi inatangulia ipi, kwa sababu karatasi moja ikichelewa siku mbili, tunda halijui kusubiri.

Nne, waalikwe walimu wasio na digrii. Dereva aliyepita Kitonga miaka ishirini. Dalali wa sokoni, ndiyo, hata dalali, maana anajua kwa nini gari likifika saa nne asubuhi bei imeshaanguka. Msimamizi wa kituo cha kufungashia matunda. Waje wafundishe saa mbili mbili, walipwe, waheshimiwe.

Tano, wafundishwe kutafuta mzigo wa kurudi. Malori yanapanda kuja huku na mbolea na saruji, mengine yanashuka matupu au nusu, wakati kijana wa Makambako anatafuta gari la viazi na kuambiwa hakuna. Kuunganisha gari tupu na mzigo unaosubiri ni kazi ya mtu wa lojistiki. Hiyo peke yake ni biashara kamili kwa mhitimu mwenye simu na daftari.

Hoja za upande wa pili

Nimelisema jambo hili mbele ya wasomi na nimejibiwa, na majibu yao yana uzito.

Wapo wanaosema chuo kikuu si karakana. Ukiandaa shahada kwa kufuata kila anachotaka mwajiri wa leo, kesho mwajiri akibadilika mhitimu anabaki na ujuzi uliokufa. Hapo nakubaliana nao kuliko wanavyodhani. Sitaki mwanafunzi afundishwe programu ya kompyuta ya kampuni moja halafu tuite hiyo elimu. Hisabati, takwimu, uchumi na sheria zibaki na ziwe ngumu. Angalieni kilichotokea mwishoni mwa 2023: meli zilipoanza kushambuliwa kwenye Bahari ya Shamu, kampuni nyingi za meli ziliacha njia ya Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Safari ya kwenda Ulaya ikaongezeka kama siku 10 mpaka 14. Kwa shaba siku hizo ni gharama. Kwa parachichi ni kifo. Ilibidi mtu akae afikirie upya: tuvune likiwa na ukomavu gani, tubadili hewa ya ndani ya kontena, au tuuze soko la karibu kama Mashariki ya Kati? Hakuna kitabu kilichokuwa na jibu. Alihitajika mtu mwenye msingi wa hesabu na anayelijua tunda. Kwa hiyo msingi na shamba vinahitajiana, havigombani.

Wengine wanasema mkulima hana uwezo wa kumwajiri mwenye shahada, basi kwa nini tumfundishie mkulima? Mmoja mmoja, ni kweli. Lakini rudini kwenye ile hesabu ya nyanya. Wakulima thelathini wakipeleka gari moja kwa wiki kwa miezi mitatu ni magari 12. Kila gari likiokoa 368,000, hiyo ni zaidi ya milioni nne kwa msimu. Mhitimu anaweza kulipwa sehemu ya kile alichookoa. Asipookoa, halipwi. Kijana aliyefundishwa vizuri hataogopa mkataba huo. Aliyefundishwa kusubiri mshahara atauogopa, na hapo mtajua shahada ipi ni ipi.

Na wapo wanaosema hii ni kazi ya cheti na diploma, si ya shahada. Kupakia vizuri, ndiyo, afundishwe hata wa VETA. Lakini kupanga njia za magari kumi, kukokotoa hasara, kusoma mkataba wa mnunuzi wa nje na kujua nani anabeba dhamana wapi, hapo panahitaji kichwa kilichokaa darasani.

Sisi tufanye nini

Hapa ndipo nataka niwabane kidogo, vijana wangu. Ni rahisi kulaumu vyuo. Utaratibu wa nchi unampa mkulima nafasi. Chuo kikitaka kuanzisha au kuhuisha programu, TCU kwa vyuo vikuu, na NACTVET kwa taasisi kama NIT, wanataka kione mahitaji ya soko na maoni ya wadau. Na vyuo vya umma vimekuwa vikihuisha mitaala mingi chini ya mradi wa HEET ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Mlango upo. Swali ni nani anabisha hodi.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne.

Moja, anzeni daftari la safari. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila mzigo unaotoka: tarehe, saa ya kuvuna, saa ya kuondoka, aina ya gari, kilo zilizopakiwa, saa ya kufika, kilo zilizouzwa, bei. Mistari minane tu. Bila hiyo, ukienda mbele ya profesa unakwenda na malalamiko. Ukiwa nayo unakwenda na ushahidi.

Mbili, kikundi au AMCOS yenu iandike barua kwa mkuu wa idara, ikisema: sisi ni wakulima kadhaa, tunasafirisha tani kadhaa, tunaomba kuwa wadau wa mtaala wenu na tuko tayari kupokea wanafunzi wawili wa fildi. Barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, inatosha. Mkihitaji msaada wa kuiandika, afisa ugani wenu yupo, ndiyo kazi yetu.

Tatu, mwanafunzi akija msimtume kuchota maji na kununua vocha. Mpeni mzigo aufuate. Mpeni pa kulala na chakula, na mpeni lile daftari alichambue. Akimaliza mkalisheni mbele ya kikundi awaeleze alichokiona, hata kama kinauma. Mkimpokea vibaya atarudi chuoni na kusema wakulima hawana la kufundisha, na mlango utafungwa kwa wadogo zake.

Nne, semeni wazi mko tayari kulipia nini. Sekta ni yule anayelipa. Siku wakulima thelathini watakaposema kwa sauti moja kwamba watamlipa mtu atakayeshusha hasara yao kutoka asilimia 20 mpaka 8, chuo kitasikia, kwa sababu chuo kinatafuta wahitimu wake waajiriwe pa kwenda.

Mimi kama afisa ugani naweza kukufundisha kulima mpaka ukapata tani nyingi kwa ekari. Lakini mimi naishia kwenye ukingo wa shamba. Kuanzia pale mpaka sokoni kuna kilomita zaidi ya mia nne ambazo leo hazina mtaalamu wako, zina dereva, turnboi na dalali, na kila mmoja ana mahesabu yake. Namtaka mtu mmoja mwenye mahesabu yako. Anaweza kuwa ni mdogo wako anayejaza fomu za chuo mwaka huu. Muulize anakwenda kusoma nini, na fildi atafanyia wapi.

Msimu ujao ukipakia gari la kwanza, daftari liwe mfukoni.